Maswali ya wasafiri: Nilipe euro 26 kuingia kanisani?

Barua tatu zilizonifikia safari hii zote zinazungumzia jengo moja, kanisa la Sagrada Família lililoko Barcelona, Hispania, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Nimezifupisha kidogo tu.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nasoma shahada ya pili huku Ujerumani, mwaka wa kwanza. Mwezi wa tatu tuna likizo, mimi na rafiki yangu tumeamua kuzunguka na mabegi ya mgongoni, tunashuka kwa mabasi ya usiku mpaka Lyon, halafu Barcelona siku mbili na nusu, halafu tunarudi. Bajeti yangu ni euro 45 kwa siku, kulala na kula humo humo. Sasa nimeona kuingia Sagrada Família ni kama euro 26, rafiki yangu anasema hizo hela nyingi mno, jengo si linaonekana barabarani bure, tupige picha tuondoke. Moyo unataka kuingia ila hesabu inagoma. Wewe uliyefika unasemaje? Na pia, sisi wenye pasi ya Tanzania mipaka inakuwaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ingia.

Nakwambia hivo kwa sababu mi nimelifikia lile jengo mara mbili, na mara ya kwanza nilifanya kama anavosema rafiki yako, ingawa sikupenda. Nilikuwa nimekata tiketi ya saa tano asubuhi, basi la kampuni moja niliyopanda likachelewa zaidi ya masaa matatu, nilivofika pale saa yangu imeshapita na tiketi za siku ile zimekwisha, na kesho yake nilikuwa naondoka. Basi nikazunguka nje. Nikapiga picha mpaka chaji ikaisha. Nje ni pazuri, sikatai, minara inapanda mpaka shingo inauma na kila ukisogea hatua mbili unaona kitu kingine kimechongwa, lakini nilirudi hosteli nikiamini nimeliona kanisa, na kumbe bado. Miaka minne baadaye nikapita tena, safari hii nikaingia, na hapo ndo nikajua kwamba kile nilichokuwa nakikumbuka miaka yote ile ni ukuta tu.

Ndani hakufanani na nje hata kidogo. Nje kuna mapambo mengi, macho yanachoka, ndani unaingia unakuta kama uko msituni, nguzo zimenyooka kama magogo halafu huko juu zinatoa matawi, matawi yanashika dari, na dari ya ukumbi wa kati iko mita 45 kutoka sakafuni. Gaudí, yaani Antoni Gaudí, yule msanifu aliyelichora, alitaka iwe hivo hivo, mtu asali kama yuko chini ya miti. Halafu kuna vioo. Upande wa mashariki vioo ni vya bluu na kijani, upande wa magharibi ni vya njano, machungwa na wekundu, kwa hiyo asubuhi kanisa linakuwa la baridi kama chini ya maji na jioni linawaka. Mi niliingia saa kumi na nusu jioni. Nilikaa kwenye benchi, mwanga wa machungwa ukawa unatambaa taratibu kwenye sakafu, ukapanda kwenye nguzo, ukafika mpaka kwa bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, ukamwangukia mkononi. Yule bibi akaugeuza mkono, akautazama kiganja, akaugeuza tena, hakusema kitu na hakupiga picha. Nilikaa pale saa nzima na zaidi. Hiyo huwezi kuipata barabarani.

Na kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito. Hili ni kanisa la kujengwa kwa sadaka tangu siku ya kwanza, wenyewe wanaliita hekalu la malipizi, serikali haikulijenga, na miaka hii fedha nyingi za kazi zinatoka kwenye tiketi za wageni. Jiwe la kwanza liliwekwa tarehe 19 Machi 1882, Gaudí akalichukua mwaka 1883 baada ya msanifu wa kwanza kujiuzulu, akafa mwaka 1926 likiwa halijafika hata robo, na mpaka leo kreni ziko pale. Kwa hiyo ile euro 26 yako haiendi kulinda kitu kilichokwisha zamani, inanunua jiwe linalopanda. Mi hilo lilinigusa sana, maana kwetu tunalijua hili la kanisa au msikiti kujengwa kwa michango ya kila mtu na anachoweza, mmoja analeta tofali, mwingine mfuko wa saruji.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wanafunzi na walio chini ya miaka 30 wanapunguziwa kidogo, beba kitambulisho cha chuo. Minara acha, kuipanda ni kama euro 10 za ziada, unapanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi nyembamba za kuzunguka, na ukiwa juu unaona mji lakini lenyewe kanisa hulioni, hela hiyo kula. Tiketi zinauzwa mtandaoni tu, nunua kwenye tovuti yao wenyewe, usinunue kwa mtu wa kati anayekuongezea bei, na usisubiri ufike maana zinaisha siku kadhaa kabla. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu, kwa hiyo chukua saa kumi au kumi na nusu jioni. Siku hiyo kula dukani, nunua mkate, jibini na machungwa, mkakae Plaça de Gaudí, ile bustani yenye bwawa mbele ya upande wa mashariki wa kanisa, unaoitwa wa Kuzaliwa kwa Yesu, minara unaiona imelala majini, na hamtoi hata senti. Kwenye metro chukueni kadi ya T-casual ya safari 10, kila mtu na yake kwa sababu haiazimwi, na kituo kinaitwa Sagrada Família hivo hivo, laini ya L2 na L5. Mkiwa humo ndani ya metro begi livae kifuani na simu usiishike karibu na mlango, wezi wa pale wana mikono myepesi na wanashuka mlango ukiwa unafungwa.

Begi kubwa la safari usiende nalo kabisa, pale mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege na mizigo mikubwa haiingii. Acheni hosteli, au kama mnashuka asubuhi kituo cha mabasi cha Barcelona Nord kuna makabati ya kulipia, halafu kutoka pale mnatembea kwa miguu dakika ishirini hivi mmefika. Na usipange kushuka kwenye basi la usiku na kuingia siku hiyo hiyo, yaliyonikuta nimeshakwambia, weka siku ya pili.

Mipaka: wewe una kibali cha ukaazi cha Ujerumani, kwa hiyo pamoja na pasi yako unatembea nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, bila viza nyingine, mwisho siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba pasi yenyewe na ile kadi yenyewe, picha kwenye simu haitoshi, polisi huwa wanaingia kwenye mabasi kati ya Ufaransa na Hispania hata kama mpaka unaonekana uko wazi. Kwa msomaji aliye nyumbani habari ni nyingine, yeye anahitaji viza ya Schengen, ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Aombe mapema.

Na rafiki yako akigoma kabisa kulipa, Jumapili saa tatu asubuhi kuna misa ya kimataifa ya bure, nafasi zinakwisha haraka kwa hiyo mtu anatakiwa awe mlangoni mapema sana. Ila hiyo ni ibada. Anayeingia anasali na watu mpaka mwisho, hazunguki na kamera.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mimi ni wa Mombasa, nafanya kazi Muscat. Mwezi wa kumi na moja inshallah mimi na shoga yangu tunakwenda Hispania, tutaanza Granada na Córdoba halafu tumalizie Barcelona. Tunatamani kuliona hilo kanisa lakini tunavaa buibui na mtandio, sijui kama tutaruhusiwa, na sijui kama kuna cha maana kwa mtu asiyekuwa Mkristo, ama tutakuwa tunatazama masanamu tu.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Mtaingia bila shida. Masharti yao ya mavazi ni ya kujisitiri, mabega yafunikwe, nguo isiwe ya kuonyesha mwili, kaptura isiwe fupi mno, na kofia zinavuliwa isipokuwa kama mtu amefunika kichwa kwa sababu ya dini au afya. Nyinyi mmeshatimiza kabla ya kufika. Pale ukaguzini mkiombwa kusimama pembeni ni utaratibu wa mashine, wanafanya kwa kila mtu.

La pili ndo nimelifurahia zaidi. Mkifika upande wa mashariki, ule wa Kuzaliwa, kabla hamjatazama juu hebu tazameni chini, kwenye vitako vya nguzo mbili kubwa. Kila nguzo imebebwa mgongoni na mnyama, mmoja ana mapezi ya kuogelea na mwingine ana miguu ya kutembea na kucha. Waongozaji wengi wa watalii wanahangaika kueleza tofauti, sisi lugha yetu imeshamaliza kazi, mmoja ni kasa na mwingine ni kobe. Kasa yuko upande unaoelekea baharini, kobe yuko upande unaoelekea milimani. Mtu wa pwani akisimama pale anaelewa mara moja huyu bwana alikuwa anasema nini juu ya dunia, bahari huku, bara kule, na nyumba ya Mungu imesimama katikati.

Ule ukuta wote umejaa viumbe namna hiyo. Kuna kuku, kuna punda, kuna mti wa kijani huko juu umejaa njiwa weupe, na Gaudí hakuvitoa kichwani, alikuwa anachukua wanyama wenyewe na watu wa mtaani kwake, anawapaka jasi anatoa kalibu, halafu ndo vinachongwa. Punda alimfunga mikanda akamninginiza ili atulie. Kwa hiyo hata kama masanamu ya watakatifu hayakuhusu, kuna kitabu kizima cha uumbaji pale ukutani na ni cha kila mtu.

Nyinyi mnatoka Granada na Córdoba, mkija Barcelona macho yenu yatakuwa yameshazoea vigae na matao ya Waislamu wa Andalusia, basi mkipata nafasi pitieni na nje ya Casa Vicens, nyumba aliyoianza mwaka 1883, mwaka ule ule aliolichukua kanisa, mtaona alivojifunza kwa mafundi wale, vigae vya kijani na vyeupe na viduara vya maua ya njano. Halafu mkirudi kanisani tazameni ncha za minara ya mwanzo, zimepachikwa vipande vya vigae vya kioo vinavyong'aa. Mi nilipoviona nilikumbuka vile vibakuli vya kichina vilivyopachikwa kwenye kaburi la nguzo kule Mambrui, mtu wa Mombasa utakuwa unapajua. Ni mikono tofauti kabisa lakini raha ya kupachika kitu king'aacho ukutani ni ile ile.

Mwezi wa kumi na moja jua linazama mapema, saa kumi na moja na nusu hivi limeshakwenda, chukueni tiketi ya saa tisa alasiri. Mkae upande wa magharibi.

SWALI: Habari yako dadangu. Mimi ni fundi wa ujenzi hapa Nairobi, miaka kumi na saba kazini. Sijawahi kwenda Ulaya na pengine sitaenda karibuni, lakini kijana wangu alinionyesha video ya hilo kanisa na nimekuwa nikiliwaza. Limechukua zaidi ya miaka 140, shida ni pesa ama ni ufundi? Na hizo nguzo zimeinama, zinasimama vipi bila kuanguka?

JIBU: Salama kaka, na asante, maana hili ndo swali nililokuwa nalisubiri.

Nguzo kwanza. Chukua mnyororo mwepesi au kamba, shika ncha mbili, acha katikati uning'inie. Ule mnyororo unajichorea wenyewe mchirizi, na kila pete inavutwa tu, hakuna inayosukumwa kando. Sasa ugandishe vile ulivyo halafu upindue juu chini. Umepata tao, na kila mahali palipokuwa panavutwa sasa panakandamizwa. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba jiwe linavumilia kukandamizwa lakini ukilivuta linakatika. Gaudí alifanya hivo kwa kanisa jingine dogo, la Colònia Güell nje ya mji, akaning'iniza nyuzi darini, kwenye nyuzi akafunga vifuko vya marisau kufuatana na uzito wa kila sehemu, akawa anapiga picha halafu anaipindua picha. Kazi ile ilimchukua miaka kumi hivi. Aliyojifunza pale ndo akayaleta Sagrada Família, kwa hiyo nguzo imeinama kwa sababu mzigo wenyewe unashuka umeinama, nguzo imeufuata. Makanisa ya zamani ya Ulaya nguzo zake zinasimama wima na mzigo unasukuma kando, ndo maana yana mihimili mikubwa ya nje ya kuegemeza, Gaudí aliiita magongo, hakuipenda. Lake halina magongo.

Mawe nayo si ya aina moja. Nguzo za pembeni zenye mzigo mdogo ni jiwe la mchanga, zinazofuata ni matale (graniti), halafu basalti, na zile nne za katikati zinazobeba mnara mkubwa ni jiwe jekundu gumu linaloitwa pofiri. Ukiwa ndani unaziona rangi zinabadilika ukisogea katikati, kumbe ni hesabu ya mzigo.

Kuchelewa kuna sababu nyingi zimekutana. Fedha ni mojawapo, sadaka zikikauka kazi inasimama. Halafu Gaudí mwenyewe aligongwa na tramu tarehe 7 Juni 1926 akiwa anakwenda kusali, nguo zake zilikuwa kuukuu na hakuwa na karatasi mfukoni, watu wakadhani ni ombaomba, akapelekwa hospitali ya maskini akafa tarehe 10. Amezikwa chini ya kanisa hilo hilo, na mwaka 2025 Papa Fransisko alimtangaza Mheshimiwa, ile hatua ya kuelekea utakatifu. Miaka kumi tu baada ya kifo chake, Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, karakana yake ikachomwa moto, michoro ikateketea, mifano ya jasi ikavunjwavunjwa. Hebu fikiria kaka, umeachiwa jengo la namna ile, mwenye ramani amekufa, na ramani imeungua. Waliobaki waliokota vipande vya jasi kwenye kifusi wakaanza kuviunganisha kimoja kimoja, na kutoka kwenye vile vipande wakaitafuta hesabu aliyokuwa anaitumia, kwanza kwa mkono, baadaye kwa kompyuta. Hawa watu mi nawaheshimu pengine kuliko Gaudí mwenyewe. Yeye alikuwa na kipaji, wao walikuwa na subira tu.

Kibali cha ujenzi kilichoombwa mwaka 1885 hakikupata jibu, na ni mwaka 2019 ndipo jiji likatoa kibali rasmi. Na bado kuna ugomvi, kwa sababu upande mwingine wa kanisa, unaoitwa wa Utukufu, ambao haujaisha umepangiwa ngazi kubwa zitakazovuka barabara, na mbele yake kuna maghorofa wanamoishi watu, wao hawataki kuhamishwa. Wenyewe wana hoja, nyumba ni nyumba.

Mnara wa katikati, wa Yesu Kristo, kimo chake ni mita 172.5. Mwaka 2025 ulilipita kanisa la Ulm la Ujerumani lenye mita 161.5, na Sagrada Família likawa kanisa refu kuliko yote duniani. Kipimo hicho Gaudí alikiweka kwa makusudi, chini kidogo ya kilima cha Montjuïc cha hapo Barcelona, alitaka kazi ya mtu isipite kazi ya Mungu.

Kuna kitu kimoja ningependa kijana wako akutafutie picha yake. Pembeni ya kanisa kuna shule ndogo aliyoijenga Gaudí mwaka 1909 kwa ajili ya watoto wa mafundi na wa mtaa ule. Haina nguzo za ajabu wala mawe ya gharama, ni matofali membamba ya kawaida, lakini kuta zinakwenda kwa mawimbi na paa nalo linapanda na kushuka kwa mawimbi, na hayo mawimbi ndo yanalipa nguvu, kama bati la migongo linavokuwa gumu kuliko bati bapa. Mwambie atafute picha ya paa kutoka pembeni. Hiyo unaweza kuijaribu hapo hapo Nairobi, anza na kijiukuta kifupi cha tofali moja unene, kipe mawimbi, halafu kisukume uone.